Begi Lililotoka Berlin

(Nyamiaga, Ngara. Nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Beberu kafungwa kamba. Kando yake limeanikwa begi la magurudumu.)

BEGI: Shikamoo mzee. Usinisogelee sana, nimeshazoea usafi.

BEBERU: Marahaba. Mwezi mzima ulikuwa wapi?

BEGI: Berlin. Kijana alikwenda kusoma Kijerumani likizo ya Julai. Kule saa tatu usiku jua bado lipo!

BEBERU: Heri mbuzi wa huko, malisho hayafungwi.

BEGI: Na treni hazina geti wala kondakta. Unapanda tu.

BEBERU: Bure?

BEGI: Thubutu! Wakaguzi wengine wanavaa kiraia. Tiketi yetu tulikuwa nayo, ila haikugongwa kwenye mashine. Faini euro 60. Kijerumani chote kikamkauka mdomoni.

BEBERU: Ukiacha faini, alijifunza nini?

BEGI: Tulipanga foleni makumbusho kuona mifupa ya mjusi wa kale. Kasimama mita 13.27 kwenda juu!

BEBERU: Mjusi wa Kijerumani?

BEGI: Wa Tendaguru, Lindi. Walimchimba kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakambeba vipande vipande hadi bandarini.

BEBERU: Ngoja nielewe. Mtoto wa Ngara kapanda ndege, kalipa kiingilio, akamwone mjusi wa Lindi?

BEGI: Taa zake, mzee! Lindi wangemweka wapi?

BEBERU: Miaka milioni 150 aliwekwa wapi? Na wapagazi nao wamewashiwa taa?

BEGI: Wao... hatukufika upande huo. Tulikwenda Wedding, kwenye Mtaa wa Kiafrika. Kuna barabara ya Zanzibar, ya Uganda, ya Kongo. Moja ilipewa jina la mkoloni Carl Peters mwaka 1939.

BEBERU: Yule waliyemwita Mkono wa Damu?

BEGI: Huyo huyo. Mwaka 2024 wakaigawa, kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Kijana akapiga picha chini ya kibao mpaka simu ikazima. Mwalimu akamuuliza, gavana wa Kijerumani wakati wa vita ya Maji Maji alikuwa nani? Akatazama viatu.

BEBERU: Götzen! Hata meli ya Liemba pale Kigoma mwanzo ilibeba jina lake. Kabla ya ugavana, mwaka 1894, alivuka Kagera pale Rusumo kuingia Rwanda. Rusumo ya wilaya hii hii! Naye alikuja kutalii hivyo hivyo, anashangaa maporomoko, anaandika daftarini. Aliporudi, alirudi na cheo.

BEGI: Rusumo kijana hajafika.

BEBERU: Maporomoko yapo, daraja lipo, umeme wa nchi tatu unafuliwa pale. Nauli yake haifiki hata robo ya faini yenu.

BEGI: Sawa, ila Rusumo hawatoi cheti. Cha kwetu kina mhuri na saini mbili, tena jina lake limeandikwa kwa wino wa bluu. Kipo hapa mfuko wa pembeni... Mbona zipu iko wazi? Mzee, unatafuna nini?

BEBERU: Karatasi safi. Wajerumani hawana mzaha na karatasi.

SAUTI KUTOKA NDANI: Mama, umekiona cheti changu?

BEBERU: Mwambie akakitafute Berlin. Vya huku si ndiko vinakotunzwa?