Utukufu wa Barabara ya Dalton

Lami ina watetezi wengi, wakitanguliwa na wagombea ubunge. Mimi naitetea Barabara ya Dalton, kaskazini mwa Alaska: kilomita 666, nyingi za changarawe, kutoka karibu na Livengood hadi Deadhorse kwenye visima vya mafuta.

Nasaba yake ni safi. Haikuahidiwa katika kampeni yoyote. Mwaka 1974 wenye mafuta waliitaka ili wajenge bomba lao, na sehemu yake kubwa, kuanzia mto Yukon kwenda juu, ikakamilika kwa siku 154. Kisha ikaachiwa malori. Raia hawakuruhusiwa kuifuata hadi mwisho mpaka 1994. Serikali gani nyingine imewanyima watu wake mashimo kwa huruma kiasi hicho?

Ukarimu wake haubagui. Lori likipita, kila kioo cha mbele kinapata kokoto yake, cha tajiri na cha hohehahe. Kampuni nyingi za kukodisha magari humkataza mteja kufika huko, nami nauona ni wivu mtupu. Ili kutuliza vumbi hunyunyiziwa kloridi ya kalsiamu, na mvua ikinyesha, dawa hiyo ikichanganyika na udongo hulishika gari kama saruji. Gari jipya na mkweche huingia Deadhorse yakiwa na rangi moja. Wanasiasa wamehubiri usawa miaka mingi bila kufika hapo.

Inafunza uchumi pia. Kutoka Coldfoot kwenda Deadhorse, karibu kilomita 386, hakuna pa kununua petroli. Mbadhirifu mkubwa kabisa hujikuta akihesabu madumu na kupapasa tairi la spea.

Wasiojua wema wake wameitia lami vipande vipande. Ardhi ya huko imeganda mwaka mzima chini ya udongo wa juu. Ikilegea, lami hubenuka na kupasuka, wakati changarawe hupitishiwa greda tu ikatulia. Dereva mzoefu akiiona lami mbele, hupunguza mwendo.

Na ile Bahari ya Aktiki uliyoifuata? Iko kilomita chache tu kutoka Deadhorse, nyuma ya lango la wenye mafuta. Gari lako halipiti. Unaingia kwa ziara yenye kibali, uliyoiomba mapema. Ukiwa umesahau kuomba, geuza. Njia ya kurudi ni hiyohiyo moja.