Dirisha Lisilofunguka

Wapo wenzangu wanaoapa kwamba treni ya utotoni ilikuwa bora. Nami nilikuwemo, basi naomba kusema neno.

Tulipanda daraja la tatu, Dar es Salaam hadi Kigoma: zaidi ya kilomita 1,200 za reli ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914. Kwa ajili ya nauli ya mtoto, nilikuwa na umri wa miaka sita kwa miaka mitatu mfululizo. Mama alifunga kuku wa safari. Kufika Morogoro, kuku amebaki hadithi. Kuanzia hapo tulilishwa na dirisha: karanga, mayai ya kuchemsha, asali ya Tabora ndani ya chupa ya soda. Jirani alipanda mgeni akashuka mjomba. Sisi watoto tulilala chini ya benchi, tukigombea nafasi na jogoo wa mtu.

Leo wasifiaji hao hao wamo kwenye treni ya umeme, kilomita 160 kwa saa. Kiyoyozi kikilegea kidogo, mhudumu anaitwa. Dirisha halifunguki, jirani hasalimiwi, na mtoto badala ya kuhesabu nguzo anadai chaja.

Waulize wamekumbuka nini. "Ule undugu!"

Jamani, undugu ule ulizaliwa na kukosa pa kukaa. Anayeutamani kweli ainue macho kwenye simu, amwamkie aliye kando yake. Salamu haina daraja la tatu.