Disketi Haina Umri wa Kustaafu

Marekani haina mchezo na umri wa waongoza ndege. Ukitimiza miaka 31 hujaomba kazi, kwa kawaida mlango umefungwa. Ukifika 56, kabidhi kiti uende zako. Ndege angani haimngoji mtu atafute miwani. Sawa. Lakini mzee mwenyewe mle mnarani, yaani mtambo, haguswi. Mwaka 2025 wakubwa wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga, walikuwa bado wanaliahidi Bunge kwamba disketi na vikaratasi vya kufuatilia safari vitaondoka. Mpango wa kuleta usasa, NextGen, ulianzishwa 2003. Kijana aliyeajiriwa wakati huo akaambiwa mitambo mipya iko njiani, leo anapiga hesabu za pensheni. Aprili 28, 2025, waongozaji wa ndege za uwanja wa Newark walipoteza rada na redio kwa takriban sekunde 90. Baadhi yao wakachukua likizo ya kuuguza mshtuko, maana wao ni binadamu. Mitambo iliyowazimikia ilirudi kazini papo hapo, bila hata cheti cha daktari.