Mwongozo wa Kumsumbua Anayekusumbua kwa Barua Pepe

Kwanza, usiifute. Najua mkono unawasha. "Mpendwa Mteja, ofa ya ploti za Joska inaisha Ijumaa," nawe hujawahi kununua ploti, kuulizia ploti, wala kushuka matatu Joska. Lakini ukiifuta kimyakimya umemfanyia hisani aliyeituma. Tangazo la redio analilipia kila linaposomwa na la gazeti analilipia kwa ukubwa wake, ila barua pepe elfu kumi zinamgharimu karibu sawa na moja. Muda wa kuzifungua, kuzisoma na kuzifuta unautoa wewe.

Mchezo wenyewe una umri. Mwaka 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment, alituma tangazo kwa watu karibu 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET huko Marekani. Watu wakafoka, wasimamizi wa mtandao wakakemea, naye Thuerk akaja kujisifu kwamba tangazo lile liliuza mashine za mamilioni ya dola. Wafanyabiashara waliomfuata walishika habari ya mauzo na kuzisahau zile kelele. Kazi yako ni kuzirudisha, tena zije na gharama.

Basi teremka hadi chini kabisa ya barua, penye maandishi madogo ya kijivu ambayo hata mwenye miwani huyasoma kwa shida. Utakuta sentensi hii: "Unapokea ujumbe huu kwa sababu ulijiandikisha." Huo ni uongo, na umeandikwa na mshtakiwa mwenyewe. Piga picha ya skrini, uihifadhi. Kisha tafuta jina la kampuni, jengo na simu. Ikiwa hakuna hata kimoja, unashughulika na tapeli, na tapeli hajibiwi. Kile kiungo chake cha kujiondoa usikiguse, kwa sababu ukikibonyeza anajua kwamba anwani yako ina mtu hai, na anwani hai ndiyo yenye soko. Mtupe kwenye barua taka, endelea na siku yako. Kisha ingia kwenye mipangilio ya barua pepe yako, zima picha zinazojifungua zenyewe. Barua nyingi za matangazo hubeba kijipicha cha nukta moja kisichoonekana kwa macho, ambacho kazi yake ni kumjulisha mtumaji kwamba umeifungua.

Kampuni halisi, yenye ofisi na leseni, ndiyo tunayoitaka. Usitukane. Andika hivi:

"Kwa Mkurugenzi. Mimi si mteja wenu na sijawahi kuwapa ruhusa ya kunitumia matangazo. Kwa haki ninazopewa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, naomba mnieleze mna taarifa zangu zipi, mlizipata kwa nani, lini, na mmempa nani mwingine. Mkishanijibu, zifuteni na mnithibitishie kwa maandishi."

Hapo kwenye "kwa nani" ndipo watakapokuna kichwa. Kijana wa masoko aliyetuma tangazo hajui. Alipewa jedwali la Excel na mwenzake, mwenzake alilinunua kwa mtu, na mtu huyo alilikusanya kwenye kuponi za bahati nasibu za supamaketi, kwenye meza za maonyesho ya biashara, na kwenye yale madaftari ya mapokezi. Litazame vizuri daftari hilo siku utakapoingia jengo lolote la ofisi Nairobi. Kalamu imefungwa kwa uzi. Safu ya jina, ya kitambulisho, ya simu, ya barua pepe, ya unakokwenda, ya saa. Ukurasa uko wazi, na kila anayeinama kuandika anasoma wote waliomtangulia. Mwenye simu anaweza kuupiga picha mlinzi akigeuka kufungua mlango. Mlinzi hana haja yoyote na barua pepe yako. Iruke safu hiyo. Utafunguliwa.

Kampuni ina siku 7 za kukujibu kuhusu taarifa ilizo nazo. Zikipita, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo Immaculate Kassait alianza kuiongoza mwaka 2020. Ambatisha barua ya tangazo, ile picha ya skrini, na barua yako ambayo haikujibiwa. Huhitaji wakili, na malalamiko yanatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa kutegemea kipi ni kidogo. Mtu asikwambie kwamba ofisi hiyo haina meno: mwaka 2023 ilizitoza kampuni ya mikopo ya simu, baa na shule mamilioni ya shilingi kwa kutumia vibaya namba na picha za watu. Msomaji wa Tanzania naye asikae pembeni. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakataza matangazo ambayo mtu hakuyaridhia, na malalamiko kuhusu taarifa zako yana pa kwenda: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ukitaka kumnasa muuzaji wa orodha mwenyewe, tega mtego. Gmail hupuuza chochote kilichofuata alama ya kujumlisha kwenye jina lako. Duka likikuomba anwani, andika jina lako, kisha +duka, kisha @gmail.com. Siku kampuni ya bima itakapokuandikia kwa anwani yenye "+duka", utajua ni mlango upi uliovuja, na malalamiko yako yatakuwa na majina mawili.

Bado kuna kile kitufe cha kuripoti barua taka, ambacho watu hukidharau. Tangu Februari 2024, Google inamtaka anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, aheshimu ombi ndani ya siku mbili, na asiripotiwe kwa kiwango kinachofika asilimia 0.3. Piga hesabu: watu watatu katika kila elfu. Wakifika hapo, barua zake zote, hata za wateja wake wa kweli, zinaanza kuangukia kwenye taka au kukataliwa mlangoni. Kwa hiyo waulize wenzako ofisini ni nani mwingine aliyepata ofa ya ploti za Joska, mbonyeze wote.

Kuna siku simu itaita. Meneja, kwa sauti ya upole, atasema ni makosa ya mfumo, atakuahidi kukutoa kwenye orodha leo hii, na kukuomba yaishe. Mpokee vizuri, mshukuru kwa kupiga, kisha mwambie unasubiri barua: walizipata kwa nani?