Karatasi ya Mgeni

Mjomba wangu alishuka boti ya Pemba asubuhi, nami niko kazini. Kutoka bandarini hadi nyumbani kwetu Malindi, hapa Unguja, ni hatua chache. Ufunguo nilimwachia jirani, na mezani nikaweka karatasi: vyumba vitatu; mifereji miwili, wa uani na wa juu; swichi ya chooni iko nje ya mlango; kidato cha tano cha ngazi kimelegea. Hati safi, nukta mahali pake. Ila niliinakili kutoka karatasi ya mgeni wa mwaka juzi, na tangu hapo mfereji wa juu ulishakatwa.

Mjomba akaiamini. Akajipaka sabuni mwili mzima, ndipo akafungua mfereji wa juu. Ukakohoa, ukanyamaza. Akateremka mbio kwenda uani, taulo kiunoni na povu mpaka kwenye nyusi, akawakuta majirani wanafua. Kidato cha tano alikiruka, maana hapo karatasi ilisema kweli.

"Mjomba," akaniambia jioni, kwani sisi huitana hivyo wote wawili, "karatasi yako imekamilika. Maji ndiyo hamna."

Nilicheka, na kicheko kikanirudi usiku uleule. Riziki yangu ni kutengeneza kompyuta. Mteja mmoja ana programu ya hesabu isiyokubali kukaa ila kwenye Windows XP, basi XP nimeipa chumba ndani ya laptop yangu: mashine pepe, kwa programu iitwayo QEMU. Mafundi huiita XP ya namna hiyo mfumo mgeni, na kompyuta iliyoipokea ni mwenyeji. Mgeni huyu naye nyumba haioni. Husomewa karatasi.

Karatasi zenyewe ni majedwali ya ACPI, utaratibu uliotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Mfumo kama XP ukiamka hupapasa kumbukumbu, baiti 16 kwa hatua, kama mtu atafutaye swichi gizani, mpaka uguse herufi RSD PTR. Hapo huelekezwa kwenye majedwali mengine: prosesa ni ngapi, mashine huzimwaje. Kompyuta ya kushikika huandikiwa majedwali na aliyeiunda. Ya mashine pepe huyatunga QEMU, na SeaBIOS, programu ya kuwashia, huyapanga kwenye kumbukumbu.

Karibu kila jedwali hukaguliwa: baiti zote zikijumlishwa, jumla lazima igawike kwa 256 bila baki. Ikigawika, mfumo huitikia kwa kichwa na kuendelea. Lakini hesabu hiyo hujua tu kama karatasi imechanika. Kama mfereji una maji haijui. Karatasi yangu ingepita bila tatizo. Hata QEMU, kwenye karatasi nyingine iitwayo SMBIOS, humwambia mgeni bila haya kwamba amefikia mashine ya mwaka 1996, na SeaBIOS yake mara nyingi hubeba tarehe ya 1 Aprili 2014, sikukuu ya wajinga. Laptop yangu nimeinunua juzi Darajani.

Kwa XP, mimi nilikosea kwa kunyamaza. Nilipoikaribisha XP niliizima ACPI kabisa, nikitumai mambo yataenda mbio. Usiku ule nikataka kumtoa mgeni. Nikatuma amri ya kuzima kutoka nje, ambayo kwake ni sawa na kubonyezwa kitufe cha umeme. Kimya. Nikatuma mara tano. Hakuambiwa kuwa kitufe kipo, atakisikiaje? Nikaingia kumzima kwa menyu yake mwenyewe. Akafunga virago, akaandika kwenye skrini kuwa sasa ni salama kuzima kompyuta, akaganda palepale. Ameaga, mzigo mkononi, anasubiri mlango ambao mwenyeji hakuuandika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjomba siku ya tatu alichukua kalamu. XP hana kalamu, mjomba anayo. Nilirudi nikakuta karatasi imesahihishwa: "Mifereji: mmoja. Maji: alfajiri, ukiwahi. Mwenyeji: mkarimu, lakini asiaminiwe kwa maandishi."