Fundi Yuko Mbali Kuliko Nyota

Fundi wa kabati akikwambia, "Bosi, nipo hapa tu, dakika tano," jua hajaoga. Dar es Salaam nzima tunaishi hivyo. Bodaboda yuko "hapo kwenye kona", na shemeji "ameshavuka Ubungo" huku nyuma yake jogoo anawika. Simu zina ramani, ila mtu kusema aliko imekuwa siri ya serikali.

Sasa mnieleze, huyu Friedrich Bessel aliwezaje? Mjerumani aliyeanzia kwenye ukarani wa kampuni ya biashara kule Bremen, chuo kikuu hakusoma, lakini mwaka 1838 alitangaza nyota iko umbali gani bila kupanda hata punda.

Tena kwa hesabu za sekondari! Nyoosha kidole gumba, kitazame kwa jicho moja, kisha kwa lingine: utaona kinaruka. Bessel naye aliitazama nyota iitwayo 61 Cygni Dunia ikiwa upande huu wa Jua, akaitazama tena Dunia ilipohamia upande wa pili, miezi sita baadaye. Nyota ikaonekana imesogea kidogo mbele ya nyota hafifu zilizo nyuma yake. Chora pembetatu mraba: Dunia, Jua, nyota. Upande wa Dunia na Jua ni kilomita milioni 150. Nusu ya kule kusogea ndiyo pembe ya kwenye nyota. Gawanya upande huo kwa tanjenti ya pembe, umemaliza.

Kazi ilikuwa kuipata hiyo pembe. Ikate digrii moja vipande zaidi ya elfu kumi, chukua kimoja: ndiyo hiyo. Bessel akaipima, akapata miaka ya nuru 10.3. Vipimo vya leo vinasema 11.4. Kwa hiyo alikosea kama sehemu moja ya kumi. Dakika tano za fundi zikiwa saa moja, na hapo amejitahidi, amekosea mara kumi na mbili, naye yuko Tandale.

Msiseme Bessel alipewa muda. Tangu nimpe fundi advansi, Dunia imeshahamia upande wa pili wa Jua, na nikipiga simu jibu halijasogea hata nukta: "Hapa tu, bosi." Basi hesabu ni nyepesi. Pembe ni sifuri, tanjenti yake sifuri, na umbali wa kabati langu hauna mwisho.