Sifa za kuhamisha mpango wa seva

Katika kazi zote za seva, inayochukiwa zaidi ni kuhamisha mpango kutoka zana moja kwenda nyingine. Seva inafanya kazi, watu wanaitumia, hakuna aliyelalamika. Halafu inatoka amri kwamba mpango ulioandikwa kwa skripti za shell uandikwe upya kwa Ansible, au ule wa YAML uingizwe kwenye lugha ya Puppet. Kila kitu kikienda sawa, mwisho wa jasho lote hilo seva itakuwa vilevile ilivyokuwa jana. Mkubwa wa ofisi hataona kipya, na mfadhili hatakuwa na cha kupiga picha. Mimi kazi hii naisifu, na ninayo ya kusema juu yake.

Nianzie Obokote. Hiyo ni moja ya zone 18 za afya za jimbo la Maniema, upande wa Lubutu, mbali kabisa na Kindu, mji mkuu wa jimbo, kwa mtu anayejua barabara zetu wakati wa mvua. Kila mwezi muuguzi mkuu wa kituo cha afya hujaza karatasi zake: waliougua malaria, watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungua na waliofariki. Karatasi hizo husafiri hadi ofisi kuu ya zone, na huko zinaingizwa kwenye DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo wizara yetu ya afya inaitumia kwa takwimu za nchi nzima. Divisheni ya afya ya jimbo, Kindu, inazisomea humo. Namba moja ikipotea njiani, dawa za robo ya mwaka inayofuata zinaweza kuhesabiwa vibaya.

Nyuma ya programu hiyo lazima pawe na seva, na ndani yake hifadhidata ya PostgreSQL, Tomcat ya kuendeshea DHIS2 yenyewe, programu ya kupokea wageni wa intaneti mlangoni, na kazi ya usiku ya kunakili data. Jinsi vyote vinavyopangwa huandikwa kwenye mafaili, na mafaili hayo ndiyo mpango. Jamii ya DHIS2 ilikuwa na zana za kuandalia seva zilizoandikwa kwa skripti za shell; baadaye zikaja nyingine zilizojengwa juu ya Ansible. Kwa hiyo kero ninayoisifu hapa imewafika watu wengi wanaotunza takwimu za afya, na itawafika wengine.

Tuchukue mstari mmoja tu. DHIS2 ina faili linaloitwa dhis.conf, na ndani yake mna nywila ya hifadhidata. Faili hilo hupewa ruhusa 600: mwenye faili asome na aandike, wengine wote wasiguse. Kwenye shell unaandika chmod 600 na mambo yamekwisha. Fundi anayehamisha mstari huo kwenda Ansible kwa haraka anaandika mode: 600, bila sifuri mbele, bila alama za kunukuu. Macho hayaoni kosa. Lakini YAML, ambayo ndiyo mafaili ya Ansible huandikwa kwayo, inaisoma 600 kama mia sita ya kawaida ya msingi wa kumi, wakati ruhusa za faili huhesabiwa kwa msingi wa nane, na mia sita ya msingi wa kumi ukiiandika kwa msingi wa nane ni 1130. Sasa mwenye faili amenyimwa ruhusa ya kulisoma faili lake mwenyewe, na kundi lake limepewa ruhusa ya kuliandika. DHIS2 inakataa kuwaka, na kitu kilichokusudiwa kufungwa kimeachwa wazi upande usiotarajiwa.

Aliyewahi kukutana na 1130 ameelewa ruhusa za faili kwa namna ambayo hakuna semina ya siku tatu hotelini ingemfundisha. Na amelazimika kujiuliza swali ambalo huenda halikuulizwa tangu seva iliposimikwa: faili hili linamilikiwa na nani, na kwa nini yeye? Ubishi huo wa zana mpya, kukataa kupokea kilichopokelewa na zana ya zamani bila maelezo, ndio wema wa kwanza wa kazi hii.

Wema wa pili ni mkubwa zaidi. Skripti ya kusimika seva mara nyingi huandikwa na mtu anayedhani itaendeshwa mara moja. Ndani yake unaweza kukuta mstari unaotengeneza nywila ya nasibu na kuiandika kwenye dhis.conf. Siku ya kwanza hauna tatizo lolote. Lakini Ansible hukusudiwa kuendeshwa tena na tena, leo, kesho na mwakani. Hamisha mstari huo kama ulivyo na kila ukiendesha mpango nywila itakuwa nyingine. Na kwenye faili hilohilo DHIS2 ina pia nywila ya usimbaji, isiyopungua herufi 24, na data iliyosimbwa kwayo haisomeki tena nywila hiyo ikipotea. Hakuna wa kumpigia simu Oslo akurudishie. Hatari hiyo ilikuwa imelala ndani ya skripti miaka yote, ikimngoja mtu mwenye nia njema aje aiendeshe mara ya pili usiku wa manane baada ya seva kuanguka. Uhamisho huifichua mchana, meza ikiwa na chai na wenzako wakiwa karibu.

Halafu kuna saa. Kongo ina majira mawili: ikiwa saa nane usiku Kinshasa, Kindu ni saa tisa. Kwa kompyuta, saa yetu ya mashariki inaitwa Africa/Lubumbashi, na ya magharibi Africa/Kinshasa. Mpango ulioandikwa Kinshasa kwa ajili ya jimbo la mashariki unaweza kubeba saa ya Kinshasa kwa miaka, na asiyesoma mstari huo hatajua kwa nini nakala ya usiku inapishana kwa saa moja na ile aliyoitegemea. Anayehamisha atafika kwenye mstari huo, kwa sababu atafika kwenye kila mstari, na itambidi aamue. Hapo atainua simu na kumuuliza aliyeuandika. Na jibu, ambalo ni nadra sana kuandikwa popote, litaandikwa safari hii.

Hata Norway, nyumbani kwa DHIS2, haikusalimika na mitego ya YAML. Toleo la 1.1 la YAML, ambalo zana nyingi zingali zinalifuata, likikuta herufi NO bila alama za kunukuu huzichukua kuwa "hapana". Orodha ya vifupi vya nchi ikipita humo, Norway inageuka kuwa jibu la kukataa. Kifupi chetu, CD, kinapita salama.

Watu wa Kindu wasishangazwe na habari hizi za kuhamisha. Reli inayotoka hapa kwenda Kongolo ilijengwa na kampuni ya CFL kwa upana wa milimita 1,000. Mwaka 1955 ikapanuliwa kuwa 1,067 ili iendane na reli za Katanga. Milimita 67, upana wa vidole vichache vya mkono! Lakini hakuna njia ya kupanua reli kwa kuitazama kutoka mbali: kila taruma lazima lifikiwe, msumari ung'olewe, chuma kisogezwe, na anayesogeza ataona ni taruma lipi limeoza. Reli ya Kisangani hadi Ubundu haikuguswa. Imebaki na milimita zake 1,000. Kati ya Ubundu na Kindu ni mto, zaidi ya kilomita 300, na mzigo unapakuliwa na kupakiwa upya kila mwisho wa njia.

Najua zipo zana zinazodai kukuondolea taabu hii. Bolt, iliyotoka kwa watu wa Puppet, ina amri ya bolt plan convert: unaipa mpango wa YAML, inakurudishia mpango uleule kwa lugha ya Puppet. Naiheshimu kwa sababu maelezo yake yenyewe yanaonya kwamba mpango uliogeuzwa unaweza kuwa sahihi kwa sarufi lakini ukatenda tofauti, na yanakutaka uukague. Hiyo ni zana yenye adabu. Siku hizi pia unaweza kuitupia akili mnemba faili zima na kupokea jibu kabla hujamaliza kupiga chafya. Jibu linaweza kuwa zuri. Lakini msomaji wa kila yuniti ya systemd, wa kila mlango wa mtandao, wa kila ruhusa, hayupo tena. Umepata faili jipya na hujapata mtu anayelijua. Kwa jimbo kama letu, ambako fundi wa seva akihama hakuna wa pili anayengoja nje ya mlango, hasara hiyo naiona kubwa kuliko wiki mbili za kazi.

Maelezo ya pembeni, yale yanayoanza na alama ya #, nayo msomaji wa YAML huyatupa anapolifungua faili. Kwa hiyo sentensi ya aliyekutangulia, kwamba mlango huu usifungwe kwa sababu kompyuta ya divisheni inaupitia, haivuki na mashine. Inavuka na mtu aliyeisoma.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanaohamisha kutoka Puppet kwenda Ansible hulikuta wakiwa wamechelewa, nami ningependa Kindu walikute mapema. Kwa Puppet, wakala aliye ndani ya seva ndiye anayeuliza: kwa kawaida kila dakika 30 anakwenda kwa mkuu wake kuomba maagizo, na mkuu asipopatikana anatumia nakala ya maagizo ya mwisho. Kwa Ansible, seva inakaa kimya hadi wewe uifikie kwa SSH. Mahali ambapo intaneti haikatiki, tofauti hiyo ni ya vitabuni. Kwetu, ambako kiungo kinaweza kupotea kutwa nzima, ina maana kwamba seva uliyoihamisha haitajirekebisha yenyewe wakati huna njia ya kuifikia. Kuna ansible-pull, inayoigeuza kazi ili seva ijiendee kuchukua mpango wake, na kwa jimbo letu ningeanzia hapo. Lakini uamuzi huo hauji mtu asipokaa chini na kuulizana na mpango wake nani anamwita nani.

Ombi langu kwa ofisi zinazoagiza kazi hii ni dogo. Mpeni kijana wa hapa, si mgeni wa wiki moja. Mpeni muda wa kutosha na mwenzake wa kusoma naye kila mstari kwa sauti. Faili la zamani msilifute. Endesheni mpango mpya kwanza kwa --check na --diff, muone unachotaka kubadili kabla haujabadili. Kisha uendesheni kweli, mara mbili. Mara ya pili, kwenye mstari wa mwisho wa ripoti, tafuteni panapoandikwa changed. Pakiwa na sifuri, mpango umefika. Pakiwa na namba nyingine yoyote, kuna mstari ambao bado hamjauelewa, nanyi mtaanzia hapo.